Mtae juu, Umba chini: matembezi ya kulipia kutoka Lushoto, kwa jicho la muuza karoti

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Watu wawili, matembezi ya kutoka kijiji cha Mtae kushuka hadi mji wa Mlalo, milima ya Usambara, Tanga, mwongozaji, chumba cha usiku mmoja, chakula cha jioni, chai ya asubuhi na kifurushi cha kula njiani: ofisi ya matembezi ya Lushoto ilituandikia shilingi 240,000. Nauli za basi juu yetu. Nikaishusha hadi 210,000, maana mtu wa sokoni akitajiwa bei moja akalipa hapohapo, usiku hapati usingizi. Kama wewe si mtu wa kuvutana, jua tu kwamba bei ya kwanza si ya mwisho, na yule kijana wa mezani wala hakununa.

Mimi nauza karoti, kabichi na njegere soko la Ilala, Dar es Salaam. Mzigo wangu mwingi unashuka kutoka Lushoto. Miaka yote hii Lushoto kwangu ilikuwa sauti ya dalali kwenye simu, namba ya gari, na gunia lililofungwa lumbesa, yaani kujazwa kupita kipimo, mpaka linafanana na mjamzito wa mapacha. Aliyetaka safari ni mdogo wangu, yeye ni wa ofisini, ameona picha za Mtae kwenye simu: kijiji kimekaa juu ya ukingo wa mlima, chini yake hakuna kitu ila hewa na nyika. Mimi nilifuata kuona shamba linakotoka mzigo wangu. Kwa hiyo tulilipa pamoja, tukalala chumba kimoja, tukala sahani moja, lakini kila mmoja alikuwa kwenye safari yake. Yeye atawaambia Mtae. Mimi nawaambia hivi: ukienda Mtae ukapiga picha ukageuza na basi la alfajiri, umelipia nusu ya bidhaa. Nusu iliyobaki iko bondeni.

Njia kwanza, kwa ufupi. Mabasi ya Dar hadi Lushoto yapo ya moja kwa moja, yanapita Chalinze, Segera, Korogwe, na pale Mombo yanaacha barabara kuu na kuanza kupanda. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za lami iliyokatwa ubavuni mwa mlima, mto uko chini, jiwe liko juu. Kama una tatizo la kutapika, kaa mbele na usile chipsi za Mombo. Tukalala Lushoto mjini kwenye gesti ya kawaida, na siku ya pili tukapanda basi la Mtae. Hapo ndipo safari yenyewe. Lami ikishakuaga unabaki na vumbi jekundu, kona, kabichi na watoto wa shule. Unapita Magamba penye msitu, halafu Lukozi.

Lukozi nilitamani nishuke. Wenzangu wa mboga wanaijua: ndiyo ile sehemu ambayo mkulima anateremsha gunia lake asubuhi na jioni liko kwenye fuso. Basi lilisimama kidogo tu, nikachungulia dirishani nikaona vijana wanashindilia viazi kwa magoti ili gunia libebe nusu gunia jingine juu yake, halafu wanashonea wavu wa kamba juu kabisa. Serikali imepiga marufuku lumbesa mara ngapi, na mimi mwenyewe Ilala nikiletewa gunia lisilo na kichwa naliona kama nimeibiwa. Basi likaondoka. Mdogo wangu ananiuliza, "Dada, unacheka nini?"

Mtae sasa. Nitakuwa mkweli, picha hazikudanganya. Kijiji kimepangwa juu ya mgongo wa mlima mwembamba, barabara moja katikati, nyumba huku na huku, na kuna sehemu ukisimama barabarani unaona bonde kulia na bonde kushoto bila kugeuza mwili, unageuza shingo tu. Upande wa magharibi na kaskazini mlima unakatika ghafla, na chini kabisa ni nyika ya Mkomazi, ile hifadhi ya taifa, imelala kama jamvi la rangi ya kahawia mpaka kwenye milima ya Upare. Tulikwenda Septemba. Walituambia asubuhi zikiwa safi Kilimanjaro inaonekana. Kwetu haikutokea, kulikuwa na ukungu wa vumbi, na sitaki mtu alipe nauli yake kwa ajili ya Kilimanjaro halafu anilaumu mimi. Lipia kile kilichoko chini ya miguu yako, hicho hakikosekani.

Jua linapozama, watu wa kijiji wanaendelea na mambo yao. Hilo nililipenda. Hakuna aliyejenga uzio pembeni ya genge na kuweka kibanda cha tiketi. Mama anaanua mahindi, vijana wako kwenye kibanda cha kuchaji simu, mwadhini anaadhini, na wewe mgeni umesimama ukingoni umeduwaa. Nilipita kwa bibi mmoja anayeuza mapeasi kwenye beseni, nikamsalimu kwa Kishambaa cha kuokoteza nilichofundishwa kwenye basi, akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani, kisha akanijibu kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Mapeasi yake yalikuwa magumu kama jiwe, ya kupika. Ya kula mbichi yanakuja miezi ya mwanzoni mwa mwaka, alisema, nirudi wakati huo. Sikununua ila nilimwachia pesa ya sukari.

Chumba. Hapa ndipo ninaposhusha alama. Nyumba ya wageni tuliyopangiwa ni safi, shuka zimefuliwa, kitasa kinafunga, choo ni cha kuchuchumaa na kina maji. Lakini Mtae ni baridi ya kweli, baridi ya mlima inayoingia kwa chini ya mlango, na tulipewa blanketi moja jembamba kwa kitanda cha watu wawili. Tulipoomba la pili tukaambiwa mwenye funguo za stoo ameenda Sunga. Tulilala na majaketi. Maji ya moto yapo, yanaletwa kwenye ndoo, ila ndoo ni moja kwa wageni wote, kwa hiyo anayeamka kwanza ndiye anayeoga. Ofisi ya Lushoto inajua inakopeleka watu. Wangetuambia tu "bebeni shuka nzito", tungebeba.

Chakula cha jioni kilinirudishia imani. Ugali wa dona, maharage yaliyochemshwa kwa kuni hadi mchuzi ukawa mzito wenyewe bila nazi, na mnavu uliokaangwa na vitunguu majani. Mnavu ule ulikuwa umechumwa jioni ileile. Mimi nauza mboga, najua jani lililolala gari usiku mmoja linavyonyauka kwenye kona zake, na najua jani lisilowahi kupanda gari. Nilikula sahani mbili na sikuona aibu.

Mwongozaji ndiye bidhaa yenyewe, kwa hiyo nimkalie kidogo. Ni kijana wa kulekule, wa umri wa mwanangu wa kwanza, akaniita mama tangu dakika ya kwanza na mdogo wangu akamwita dada, na mdogo wangu alifurahi kuliko alivyofurahia mandhari. Alikuja saa kumi na mbili na nusu kama alivyosema. Nasisitiza hilo kwa sababu nimefanya kazi na watu wa usafiri maisha yangu yote. Alikuwa na fimbo mbili za ziada. Alitazama viatu vyetu kabla ya kutazama sura zetu, akaniambia vya kwangu vinafaa na vya mdogo wangu vitamuumiza kwenye mteremko, avae soksi mbili. Ilikuwa kweli, na soksi zile mbili ndizo zilizomwokoa.

Mtae hadi Mlalo ni kilomita kama 20 kwa njia za miguu. Wenye mwendo wanamaliza kwa saa tano au sita. Sisi tulitoka saa moja asubuhi na tukaingia Mlalo baada ya saa tisa alasiri, kwa sababu mmoja anasimama kupiga picha na mwingine anasimama kuuliza bei. Kijana hakutuharakisha hata mara moja. Njia haina hatari ya kuanguka ukafa, ila inateremka sana, na magoti yanasema. Mwanzoni unatembea kwenye mgongo wa mlima kati ya mashamba ya mahindi na viazi, halafu unaingia ubavuni kwenye kivuli cha msitu wa Shagayu. Hapo hewa inabadilika, inanuka majani yaliyooza na maji. Akatuonyesha mkulo, mti wa mbao ambao wazee waliumaliza sehemu nyingi, na akatuambia tusikilize mbega. Tulisikia, hatukuwaona.

Kinyonga tulimwona. Alikuwa kwenye ua wa shamba, wa kijani, mdogo kuliko kiganja, na puani ana vipembe viwili vimetangulia mbele. Hawa wa pembe mbili ni wa milima hii. Mdogo wangu akasahau hofu zote za kinyonga alizofundishwa na bibi yetu, akapiga picha hadi simu ikalalamika. Wakaja watoto wawili wanataka kumng'oa kwenye tawi wamweke mkononi mwake ili wapewe hela. Kijana akawakataza kwa Kishambaa, kwa upole lakini bila kutabasamu, kisha akatuomba na sisi tusiwape kitu kwa kazi hiyo. "Mkiwapa leo, kesho watakuwa wamewakusanya kwenye ndoo wanawasubiri wageni." Hapo nilimwongezea alama.

Ukitoka msituni, bonde linafunguka, na hapa naomba uvumilivu maana ndiyo sababu ya kuandika kote huku.

Maji yanayotoka Shagayu ndiyo chanzo cha mto Umba. Huko juu ni vijito unavyoruka kwa hatua moja. Vinakutana, vinateremka Mlalo, vinatoka milimani kwenda kwenye tambarare ya Kitivo kunakolimwa mpunga, halafu mto unakata nyika kuelekea mashariki hadi baharini karibu na Vanga, ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Wafanyabiashara wa madini wanalijua jina la Umba kwa sababu ya yakuti zinazochimbwa huko chini. Mimi kuanzia sasa nitalijua kwa karoti.

Kila kipande cha bonde kimelimwa. Na si kulimwa ovyo. Mteremko umegawanywa vipande vya mraba, na kila kipande kimezungushiwa ukuta wa majani, mabingobingo au yale wanayoyaita Guatemala. Wenyewe wanaita miraba. Mvua ikishuka na udongo, ukuta wa majani unaudaka. Majani yakikua, yanakatwa yanapewa ng'ombe wa ndani. Mbolea ya ng'ombe inarudi kwenye mraba. Ndani ya mraba mmoja niliona karoti, pembeni yake maharage, na migomba kwenye kona. Kijana alitukalisha juu ya jiwe akatueleza habari ambayo babu yake alikuwa akiisimulia. Mwaka 1946 serikali ya Mwingereza ililichagua bonde hili la Mlalo kufanya mpango wa kuokoa udongo. Watu wakaamriwa kulima matuta ya kukinga maji kwenye miteremko, kazi ya jembe ya kuvunja mgongo, na miaka ya 1950 mpango ukatandazwa Usambara nzima, asiyefanya anatozwa faini. Watu wakagoma. Waligoma kimyakimya, wakagoma kwa kelele, wanawake ambao ndio walioshika jembe wakiwemo, na kabla ya uhuru mpango ukawa umekufa. "Lakini udongo haukuachwa," kijana akasema, akionyesha miraba kwa fimbo. Nikamuuliza tofauti ni nini, maana na hii ni kazi. Akasema, "Tofauti ng'ombe anakula ukuta."

Maneno kama hayo hayamo kwenye karatasi ya matangazo ya ofisi. Karatasi inasema "mandhari ya kuvutia na utamaduni wa Kisambaa". Andikeni huyo ng'ombe.

Chini zaidi, pale mto unapopunguza mbio, tulikuta vijana wanne wanaosha karoti. Wametandika turubai juu ya mawe likawa kama birika. Karoti zinamwagwa humo na udongo wake, maji ya mto yanaelekezwa kwa kipande cha mgomba kilichochongwa, nao wanaingia miguu peku, suruali zimekunjwa juu ya magoti, wanakanyaga kwa kuzungusha visigino, taratibu, kama mtu anayepanguza sakafu kwa miguu. Ukikanyaga kwa nguvu karoti inakatika na bei imekatika. Maji yanatoka mekundu kama chai ya rangi. Wanayamwaga, wanaingiza mengine. Ya tatu yanatoka karibu meupe, na karoti zinang'aa utafikiri zimepakwa mafuta. Halafu, na hili ndilo nililolifuata kwa macho, hawakuzifunga palepale. Walizitandaza juu ya majani makavu chini ya mti zikauke maji. Nimewahi kufungua magunia Ilala nikakuta karoti za katikati zimeota ute, na kila mara dalali ananiambia ni joto la njiani. Nikawauliza hawa wanakausha muda gani. Wakaniambia ikitegemea gari: gari likiwa linasubiri na dereva anapiga honi, hazikauki.

Mmoja akaniuliza, "Mama unanunua?"

"Nanunua, ila kule Ilala."

Wakaacha kukanyaga. "Ndiyo wewe unayetulalia bei?"

"Na mimi nalaliwa," nikamwambia.

Wakacheka, nikacheka. Kisha akanitajia bei wanayouza gunia palepale mtoni. Niliihesabu kichwani hadi nikaifikisha sokoni, nikiweka kamisheni, upakizi, gari, ushuru, mshusha mzigo. Namba zilizobaki katikati hazikuwa na mwenyewe. Nilichukua namba ya simu ya kijana huyo, na sisemi zaidi hapa kwa sababu dalali wangu anasoma.

Kifurushi cha chakula tulikula hapo mtoni, na hili ni lalamiko langu la pili. Chapati mbili kila mtu, yai moja la kuchemsha, ndizi mbivu na juisi ya boksi. Chapati zimepikwa jana. Tumekaa katikati ya karoti, njegere, hoho, vitunguu majani na kabichi, tumezungukwa na mboga hadi zinatugusa miguu, na kwenye mfuko wa chakula hakuna jani hata moja. Vijana wa karoti walitupa karoti tano zilizooshwa tukatafuna na mayai. Hizo ndizo zilizokuwa chakula.

Lalamiko la tatu ndilo kubwa. Lushoto tuliambiwa bei inajumuisha mchango wa kijiji. Mtae akaja mtu na kitabu akadai mchango wa kijiji. Kijana akapiga simu ofisini, ofisini wakasema lipeni tutarekebisha mkirudi. Tukalipa, tukapewa stakabadhi yenye muhuri uliofifia. Tuliporudi ofisini yule wa mezani wa kwanza hakuwepo na aliyekuwepo hakujua. Ilikuwa 10,000 kwa watu wawili, si pesa ya kuuguza mtu, na kama imefika kijijini kweli sina kinyongo. Lakini jambo la kuandikiwa kwenye karatasi moja lisidaiwe kwenye nyingine. Ushauri wangu: ukilipa Lushoto, waambie waandike kwa kalamu kwenye risiti kila kitu kilichomo, kimoja kimoja, na jina la Mtae liwemo.

Mlalo penyewe pamekaa kwenye bakuli, vilima vimeuzunguka mji, mto unapita. Wengi wanaupita haraka kwenda kutafuta gari na wanakosea. Kuna nyumba za zamani za udongo zenye ghorofa, na huko juu zimewekewa baraza za mbao zilizochongwa, mbao zimekuwa nyeusi kwa umri. Baadhi zimeinama. Chini fundi cherehani, juu nguo zimeanikwa barazani. Sikuwahi kuona kitu kama hicho mahali pengine Tanzania, na mdogo wangu, ambaye simu yake ilishazima kwa ajili ya kinyonga, alikaribia kulia. Wamisionari wa Kijerumani wa Betheli walifungua kituo chao hapa mwaka 1891, wakakipa jina la kwao, Hohenfriedeberg, ambalo hakuna Msambaa aliyehangaika nalo. Kanisa la Kilutheri lipo na linafanya kazi yake. Kabla yao Mlalo ilikuwa na watawala wa Kikilindi, ukoo uleule wa wafalme wa Washambaa waliokaa Vuga. Kijana alitaka kutupandisha kilimani kunakohusiana na habari za watemi hao lakini magoti ya mdogo wangu yalipiga kura ya hapana.

Tukala mgahawani karibu na stendi. Sahani ya makande ya maharage na mahindi mabichi, kachumbari ya kabichi na karoti, chai ya maziwa, vyote kwa 2,500. Ukipima thamani kwa shilingi, hicho ndicho chakula bora cha safari yote na hakimo kwenye kifurushi cha ofisi.

Nani asiende: mwenye magoti mabovu, mwenye mtoto wa kubebwa, na mtu anayetaka vinywaji baridi na muziki jioni. Mtae usiku ni giza na upepo. Anayetaka kuiona Mtae bila kutembea anaweza kwenda na basi na kurudi nalo, ila mabasi ya kutoka Mtae yanaondoka usiku wa manane kuelekea alfajiri, kwa hiyo kulala ni lazima utake usitake. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, sikushauri. Udongo ule mwekundu ukilowa, gari linakwenda upande na mtu anakwenda kwa makalio.

Mwongozaji peke yake nampa alama zote, na kama ofisi inamlipa chini ya nusu ya tulichotoa basi wajitazame. Tulimpa cha kwake mkononi, pembeni, baada ya makande. Chumba nakipa nusu. Kifurushi cha chakula nakipa yai.

Ningelipa tena? Nitalipa, ila kwa masharti yangu. Nitasema wazi kwamba nataka kijana yuleyule, blanketi mbili, na pesa ya kifurushi cha chakula nirudishiwe nitakula Mlalo. Na nitawaomba wanipe usiku wa pili hapohapo Mlalo badala ya kukimbizwa Lushoto jioni, maana tuliondoka na Noah ya mwisho tukiwa kumi na moja ndani, na soko la asubuhi nikaliacha. Pesa taslimu toa Lushoto mjini. Wakala wa simu Mtae yupo, ila siku tuliyokwenda sisi alikuwa ameishiwa pesa, na mtandao unakamata barabarani tu, ukiingia chumbani umepotea. Anayekwenda na begi la magurudumu aliache Lushoto, gesti nyingi zinakuwekea bure ukilala kwao.